Leso Kabla Mpishi Hajazama

Kwenye treni ya asubuhi, mbele yangu walikaa mama mshonaji na baba mmoja wa ghala la samaki, koti lake zito mapajani. Hawakujuana, ila wote wanafuatilia tamthilia ya wale mabaharia wa zamani walionaswa kwenye barafu ya ncha ya dunia.

“Uongo mtupu,” alisema baba. “Wanaongea barafuni na mvuke hauwatoki mdomoni! Mimi kwenye chumba cha baridi hata nikipiga mwayo unauona.”

“Kaka, watu wanatafuna viatu, wewe unaangalia midomo?” Mama akashusha sauti, nami nikasogeza sikio. “Mwenzio nimejitia matatani. Tuliapa na mume wangu kuangalia sehemu ya mwisho pamoja, leo. Jana nimeiona peke yangu.”

“Huo ni usaliti, dada.”

“Usaliti gani? Nitalia upya tu.”

“Basi leso usiitoe mapema. Mimi mke wangu alinikamata hapohapo: nilishaanza kujifuta machozi, na yule mpishi wa meli hata hajazama.”

“Kumbe na wewe!”

Treni ikasimama, wakashuka wakibishana nani msaliti zaidi. Mimi nilibaki kitini. Ndiyo kwanza nimefika sehemu ya tatu, na katika meli nzima nampenda mpishi.