Meza ya Dirishani

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzetu mliokuja kutushika mkono, familia imemtuma mdogo wa marehemu, yule ambaye marehemu alimwachia ziwa, asimame hapa kuisoma historia hii, na msomaji angependa ijulikane mapema kwamba hakujichagua, marehemu mwenyewe aliagiza akiwa kitandani, akisema, "Asome mdogo wangu, maana ninyi wengine mtanipamba mpaka watu wadhani wamekosea msiba."

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1964, mtoto wa kwanza wa baba mwashi na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, na kwa kuwa alikuwa wa kwanza alipata kila kitu kikiwa kipya, sare mpya, viatu vipya, hata godoro jipya, na msomaji, aliyezaliwa tarehe 20 Agosti 1966, alivipokea vitu hivyo hivyo vikiwa vimechoka, na mpaka leo akiona kola iliyogeuzwa ikashonwa upya roho humuuma.

Alianza shule ya msingi Januari 1972, akaendelea na sekondari kuanzia 1979 hadi 1982, ambako alikuwa kiranja mkuu, na msomaji alipofuata katika shule zilezile kila mwalimu alimpokea kwa swali moja, "Kumbe wewe ndiye mdogo wake?", kisha wakakaa kungoja maajabu, na maajabu yalipokawia wakamwacha akae nyuma na wenzake.

Tarehe 3 Februari 1986 marehemu aliajiriwa na kampuni inayosafirisha kwa ndege samaki wa mapambo na viumbe wengine wa majini wakiwa hai, katika chumba cha kufungashia, na mwaka uliofuata akamwombea mdogo wake kazi hapohapo, wema ambao hakuchoka kuukumbusha. Wasioijua kazi hii hudhani ni kutia samaki mfukoni na kufunga, la hasha, samaki hunyimwa chakula siku mbili kabla ya safari ili asiyachafue maji atakayosafiri nayo, mfuko huvalishwa mfuko mwenzake, pembe za chini hufungwa ili wadogo wasije wakabanwa humo, maji hutiwa theluthi tu, juu yake hujazwa oksijeni ya mtungi, shingo ya mfuko husokotwa, hukunjwa na kukazwa kwa mpira, kisha mifuko hupangwa katika boksi jeupe la povu gumu, pamoja na chupa ya barafu iliyoviringishiwa gazeti, na fundo likilegea tu, huko mbele watu hufungua boksi la maiti. Fundo la marehemu halikulegea hata mara moja, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Bi Fundo, na msomaji hakuitwa kitu.

Bosi alimpa marehemu meza ya dirishani, yenye mwanga na upepo, msomaji akapewa ya pili, ile ya karibu na mitungi, na tangu siku hiyo kuna kitu kimoja tu alichokitaka katika chumba kile, nacho si meza, bali dada yake apite nyuma yake siku moja, atazame mifuko yake, aseme "vizuri", basi, neno lisilogharimu hata mate, na marehemu, aliyekuwa akiwaambia hivyo hata wasukuma mikokoteni, hakuwahi kumwambia.

Tarehe 11 Mei 1989 lilitokea jambo linalokumbukwa na kampuni nzima, uliingia mzigo wa samaki wapiganaji, wale ambao madume wawili wakionana tu hutunishiana mapezi na kukosa raha njia nzima, kwa hiyo kila mmoja huwekwa mfuko wake na kati yao huchomekwa karatasi wasionane, na siku hiyo ndugu hawa wawili, kila mmoja jicho lake likiwa kwenye meza ya mwenzake, walishindana nani mifuko yake imetuna zaidi, wakazidisha oksijeni, wakasahau kabisa kwamba ndege ikipaa hewa iliyo mfukoni hutanuka, na karibu mzigo wote ukafika umepasuka. Bosi hakumfukuza mtu, alichukua kadibodi pana ya boksi la friji, akaisimamisha katikati ya zile meza mbili, akasema, "Karatasi ni ileile, madume tu ndio wamezidi ukubwa," chumba kizima kikavunjika mbavu, na tangu hapo kadibodi ikawa inabadilishwa kila ilipochakaa, lakini haikuondolewa.

Miaka michache baadaye marehemu alisifiwa mbele ya wateja kwa kubuni namna ya kumimina maji yakipita kwanza kiganjani, yateremke polepole kwenye ukuta wa mfuko bila kumshtua samaki, na msomaji, ambaye alikuwa akimimina hivyo tangu zamani upande wake wa kadibodi, aliyasikia makofi, akaendelea kufunga, maana nani angemwamini, lakini usingizi ulimruka kwa wivu, na anasema hivyo bila kuficha kwa sababu marehemu mwenyewe alikataza mapambo.

Kwa upande wa familia, tarehe 15 Desemba 1990 marehemu alifunga ndoa na dereva wa gari la kampuni, shemeji yetu aliyeketi pale mbele, mtu mpole ambaye alianza kwa kumsalimia msomaji kila asubuhi akidhani yeye ndiye Bi Fundo, akasahihishwa, akahamia dirishani. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1992 na wa kike mwaka 1997, na huyu wa kike alipenda likizo zake azimalizie kwa mama yake mdogo, ila hakuwahi kuzimaliza, kwani siku ya pili tu marehemu alikuwa mlangoni, mara sare inataka kushonwa, mara bibi anamuulizia, akamshika mkono na kuondoka naye, na msomaji alidhani dada yake anamwona hafai hata kulea.

Mwezi Mei 2022 alianza kusumbuliwa na mapafu, akalazwa mara kadhaa, na hata akiwa na mrija puani hakuacha ubosi, alisikiliza sauti ya mtungi akamwambia muuguzi, "Mwanangu, huu unakaribia kwisha, leta mwingine," na kweli ulikuwa unakwisha. Msomaji alikaa naye siku nyingi, akamlisha, akamgeuza, akilingoja lile neno, nalo halikuja, na tarehe 2 Oktoba 2023 asubuhi, mdogo wake akiwa ametoka kumfulia kanga, marehemu alifariki dunia.

Juzi msomaji alikwenda kazini kuchukua aproni ya marehemu, akazunguka kadibodi, akasimama kwa mara ya kwanza upande wa dirishani, na hapo, usawa wa jicho la mtu aliyeketi, aliona kipande cha selotepu kilichobanduliwa na kubandikwa mara nyingi hadi kimeisha gundi, na chini yake tundu lililokatwa kwa wembe, akainama akachungulia, na hakuona kitu kingine isipokuwa meza yake mwenyewe, pale hasa mikono yake inaposhika mfuko. Mama anayesafisha matangi akamshangaa, "Ina maana hukujua? Kila kadibodi mpya ikiletwa anaitoboa siku hiyohiyo. Ananiambia, 'Hebu njoo umwone huyu anavyomimina, samaki hata hajui kama amehama.'" Msomaji kwanza alipandwa na hasira, maana yale makofi yalikuwa yake, halafu akaketi kwenye stuli ya dada yake, akalia kama ambavyo hakuwahi kulia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka na kuvumilia amri zake, majirani waliopika na kufua, Bosi na wafanyakazi wenzake waliosimamisha mizigo ili wawe hapa, na kwa namna ya pekee mama wa matangi kwa kufungua mdomo, na wote ambao hatukuwataja msituhesabie kosa.

Kadibodi msomaji ameitoa mwenyewe jana, na meza ya dirishani amekataa kuichukua.

Pumzika kwa amani, dada, na huko uliko wakikutenga na wenzako kwa kadibodi, toboa, uendelee kunitazama.