Funguo za Ghala Zibaki Ndani

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kifungua mimba weka simu yako mfukoni kwanza, maana nitakayosema sitayarudia. Daktari amefunga mkoba wake asubuhi bila kuniandikia chochote, na mimi niliyeuza dawa miaka thelathini na moja najua daktari asiyeandika ana maana gani.

Ghala hili la dawa ninalolisikia likinguruma chini ya kitanda changu ni lenu wawili, nusu kwa nusu, na wakili ameshaliandika. Nimewaitia ugomvi wenu wa kompyuta, ule mnaounong'ona pale ngazini mkidhani ugonjwa umeniziba na masikio. Mkubwa unataka kampuni ya nje isimamie kompyuta zote na kila kilichomo, ili wewe ulale usingizi. Na wewe kitinda mimba wangu unasema nguo ya kuazima haisitiri matako, hutaki wageni ndani. Sasa naamua mimi, kwa kuwa bado napumua: kampuni ije. Binti yangu, usinikunjie uso. Kazi imetuzidi, na kukubali kwamba imekuzidi si aibu.

Ila msidhani mnaleta malaika. Watakapokuja watapekua chini ya meza, watafuata kila waya, watawauliza kwa nini karani aliyeacha kazi miaka minne iliyopita bado anaweza kufungua orodha ya dawa kwa nywila yake ya zamani, nanyi mtaona haya. Jibuni kweli, mficha maradhi kifo humuumbua. Miezi ya mwanzo mtaona mambo yamekuwa mabaya zaidi. Mmezoea kupiga kelele ngazini na mtu akaja na bisibisi. Sasa mtapiga simu, mtapewa namba ya shida yenu, mtaambiwa subirini, na anayewaambia hivyo hajawahi kuliona jokofu la chanjo wala hajui kwamba haliwezi kusubiri. Basi liandikeni kwenye mkataba kabla ya kutia sahihi: jokofu likilia, mtu aitikie ndani ya robo saa, na printa ya mkubwa hapa, inayokwama kila siku kwa sababu anaibamiza, hiyo isubiri hadi kesho. Msilolitaja msije mkalililia. Na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: kila mwezi walete taarifa ya walichofanya, nanyi mkae muisome, si kuitia kwenye droo.

Lakini funguo kuu, zile nywila zinazofungua kila kitu, zibaki ndani ya nyumba hii. Siku mkiachana nao waondoke na mikoba yao tu. Maana kazi utamkabidhi mtu, lawama haikabidhiki. Mtoto akinywa dawa mbovu, mama yake hataitafuta kampuni, atakuja kugonga mlango wetu.

Nipeni maji kidogo. Inatosha.

Mnakumbuka ule mwaka seva yenye orodha zetu zote ilipokufa Jumanne asubuhi, na kesho yake kiwanda kikatuagiza turudishe dawa ya kikohozi ya watoto, chupa zote za namba fulani ya toleo? Hatukujua tumezipeleka zahanati gani. Mjomba wenu, mdogo wangu, ambaye ndiye aliyekuwa kampuni yetu ya kompyuta peke yake, alikuwa akibadilisha diski ya nakala kila Ijumaa kwa miaka sita, hakukosa hata moja, na kila Ijumaa mashine ilimwandikia kwamba nakala iko salama. Tulipoifungua, diski ilikuwa tupu. Siku nne tulipiga simu zahanati moja baada ya nyingine, na chupa ya mwisho tuliipata mkononi mwa mama aliyekuwa tayari ameshika kijiko. Mungu alituhurumia. Nami nikamfukuza mdogo wangu mbele ya wapakiaji, nikamwita muuaji, na ni miaka tisa sijamwita kwa jina lingine.

Sasa lisikieni ambalo sikuwahi kulisema. Aliniandikia mara tatu akiomba mashine moja ya pili, mashine tupu, ili ajaribu kurudisha nakala aone kama kweli inarudi. Mara tatu nilimwambia aache anasa, mashine ikisema salama ni salama. Barua zake zote tatu zimo chini ya godoro hili, upande wa ukutani. Zitoeni nikishaondoka, mzisome. Aliyekosa ni mimi, na nilimtwika yeye kosa langu kwa sababu nilikuwa bosi na nilikuwa naogopa.

Kwa hiyo kampuni ije, na mjomba wenu arudi awe jicho letu juu yao. Funguo kuu ashike yeye. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi kampuni irudishe nakala kwenye mashine tupu mbele yake, naye achague orodha ya zahanati moja, aifungue, aisome kwa sauti. Wakisema iko salama bila kufungua, waambieni hata mama yenu aliambiwa hivyo miaka sita.

Mungu awape macho ya kuona kabla ya kuambiwa, na midomo isiyochelewa kuomba radhi kama huu wangu. Msigombane ngazini. Gombaneni mezani, mmekaa, kisha mle pamoja.

Pumzi... ngojeni. Bado kidogo.

Mkubwa, itoe sasa ile simu. Namba yake ninayo kichwani, haijabadilika. Najua kwa sababu mara mbili nilimpigia, akaitikia, nikakata. Hapana, usitoke nje. Usimpigie huko ukarudi kuniambia, mama, amesamehe, kila kitu salama. Piga hapa hapa. Niwekee sikioni nisikie mwenyewe.

Niinueni kichwa. Inaita... inaita.

Mdogo wangu? Ni mimi. Dada yako. Tafadhali... usikate.