Fundo Lililotiwa Maji

Assalaam aleikum, mabwana kwa mabibi. Mmenitandikia mkeka, ahsanteni sana, lakini nitasema nimesimama. Nikikaa nitalia mapema, na maneno yenyewe hamtayapata.

Sitamtaja mtu kwa jina. Wanaonijua wanajua ni habari za nani, na wageni mliotoka Kombani na Ukunda hamna haja ya majina. Tumeitana hapa banda la makumbi kwa sababu kamba za nailoni zimeanza kuuzwa madukani, na wapotaji kamba wenzangu wanauliza watafanya nini na mikono yao. Lakini mimi hasa nataka wachimba visima wanisikie. Nyinyi pale nyuma, hebu acheni mazungumzo.

Nimepota kamba za usumba, hizi nyuzi za makumbi ya nazi, tangu meno ya utoto hayajanitoka. Nimefukia makumbi pwani, nimeyafukua yakinuka, nimeyaponda mpaka mabega yakakataa kuinuka. Mikono yangu hii, itazameni. Mtu akinipa mkono hudhani ameshika gome la mnazi.

Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa visima. Hapa kwetu ukichimba kidogo unakutana na mwamba, na mwamba hauna haraka. Alikuwa akishuka amekaa kwenye kitanzi cha kamba, sururu begani, wanaume juu wakimwachilia polepole. Kamba naipota mimi, na fundo la kitanzi nalifunga mimi. Hakukubali mtu mwingine aliguse. Ndugu yake, ambaye ndiye aliyekuwa akiishika kamba juu, alikuwa akimcheka: “Kaka, wewe umeoa mke au umeoa fundo?”

Nikishafunga, nalimwagia maji kwa kopo. Mnajua kwa nini. Usumba ukinywa maji unavimba, na fundo linajibana lenyewe, huwezi kulifungua hata kwa meno. Basi kila asubuhi, kabla hajatia mguu kisimani, huniuliza:

“Umelinywesha?”

Nami hujibu: “Limekunywa. Shuka.”

Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yetu, ndugu zangu. Wengine huimbiana.

Sasa nakuja penye ubaya. Mwaka mmoja mabaharia wa meli walileta Likoni kamba nyeupe, nyepesi, inayong’aa. Mtu mmoja akatuonyesha. Alisema ni nailoni, haiozi, haiingii mchwa, na nyembamba yake inabeba kuliko nene ya usumba. Mimi nikaipenda papo hapo. Wakati ule vidole vyangu vilikuwa vimepasuka, hata tonge la ugali nashindwa kulichovya kwa uchungu wa chumvi ya mchuzi. Mume wangu aliipitisha kiganjani akaguna.

“Haina manyoya,” akasema. “Kamba isiyo na manyoya inashikilia nini?”

Nikamcheka. Nikamwambia anaogopa vitu vipya kama mbuzi anavyoogopa mvua. Nilimsumbua siku nyingi mpaka akainunua. Nawaambieni hivi ili mjue: yeye hakuitaka. Niliitaka mimi.

Asubuhi ya kwanza nikafunga fundo langu, lile lile nililofundishwa na mama yangu. Nikalimwagia maji. Akaniuliza, “Umelinywesha?” Nikajibu, “Limekunywa. Shuka.” Akashuka.

Alifanya kazi mpaka adhuhuri. Wakati wa kupandishwa nilikuwa nimesimama ukingoni, namwona kichwa, kilemba chake kimejaa vumbi jeupe. Alikuwa amebakisha kama pima moja kufika juu. Hapo nikaona mkia wa kamba, ile ncha ndogo inayobaki nje ya fundo, unaingia ndani. Taratibu. Fundo linaumeza mkia wake. Nikajua. Nilifungua mdomo, na kabla sauti haijatoka kitanzi kikafumuka.

Nipeni maji kidogo.

Tulimzika siku ile ile kabla ya magharibi. Watu wakasema kamba ya kiwandani imekatika. Shemeji yangu akaikagua yote, shubiri kwa shubiri, akaikuta nzima. Kwa kuwa kamba haikukatika, na fundo langu hakuna aliyelishuku, wakidhani limefunguliwa katika purukushani ya kumtoa kisimani, maneno yakageuka. Wakasema marehemu alikuwa hakukaa vizuri. Alijisahau. Alikuwa mzembe. Na mimi, ndugu zangu, niliyasikia hayo nikiwa ndani nimekaa eda, na nikanyamaza.

Mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, alikuwa akija kukaa nami kila siku. Aliniuliza swali moja tu, kila mara hilo hilo: “Mwanangu, kwani alikuwa mzembe? Mimi sikumlea hivyo.” Namtazama, nashusha macho. Miezi minne na siku kumi nilimwacha mama wa watu amlaumu mwanawe kaburini, kwa kuwa niliogopa kulaumiwa mimi. Nilikonda mpaka nguo zikanikataa. Sikuweza kugusa makumbi. Hata maji ya kisima nilichotewa na jirani, kwa sababu nikiona kamba inaingia shimoni naondoka mbio.

Eda ilipokwisha, shemeji alikuja na salamu zote za adabu. Amepata kisima cha kuchimba upande wa Diani. Sasa atakuwa anashuka yeye, na kamba ni ile ile ya nailoni, kwa maana ni nzima, na ya nini kuitupa.

“Ninakuomba ulifunge fundo wewe, shemeji,” akasema. “Kaka alikuwa na imani nalo.”

Nilikwenda. Sijui nilitumia miguu ya nani. Mavyaa naye alikuja, amuombee dua mwanawe aliyebaki. Wakanipa kamba. Vidole vikafanya kazi vyenyewe, vikafunga. Mkono ukachukua kopo, ukamwaga. Na shemeji, maskini, akasimama ukingoni pale pale, kwa sauti inayofanana na ya kaka yake, akauliza:

“Umelinywesha?”

Kopo likaniponyoka. Nilikaa chini kwenye kifusi nikasema, “Usishuke. Hakuwa mzembe. Ni fundo langu. Nililiona likifumuka. Nililiona kwa macho yangu na nimenyamaza mpaka leo.”

Shemeji aliitupa kamba, akaondoka bila kuniaga, na ana haki. Mavyaa alibaki amesimama na tasbihi yake. Kisha naye akaenda. Siku sita hakuna mtu wa nyumba ile aliyepita mlangoni kwangu. Ya saba alikuja mavyaa peke yake. Hakukaa. Alisema, “Nimekukasirikia, na hasira haijaisha. Lakini sasa nalala, kwa kuwa najua mwanangu hakujiangusha.” Akaweka mlangoni ile kamba. “Nenda ukajue kwa nini.”

Neno hilo ndilo lililoniinua. Hakuniambia nimesamehewa. Aliniambia nikajue.

Nikaenda Msambweni kwa mtu mmoja aliyefanya kazi melini miaka mingi. Mkali huyo! Nilipomweleza nilivyofunga, alinigombeza kama mtoto wa chuo cha Kurani, kisha akanikalisha akanieleza. Usumba una manyoya, na manyoya hushikana. Nailoni haitoki mtini wala kwa mnyama. Huyeyushwa kiwandani kama nta, ikapenyezwa kwenye matundu madogo, ikavutwa nyuzi laini tupu. Ukiitia maji haivimbi, utelezi ndio unaozidi. Na ukiitundikia mzigo inavutika, inapungua unene, fundo linapata nafasi ya kuteleza. “Kamba yako haikukosea,” akaniambia. “Ilifungwa kwa fundo la kamba nyingine.”

Akanifundisha mafundo ya melini. Lakini mimi sikuamini tena kwa kusikia. Nilirudi nyumbani nikajaza gunia mchanga, uzito wa mtu mzima, nikalitundika kwenye mkwaju nyuma ya nyumba. Nafunga, navuta, natikisa, namwagia maji, naacha mchana kutwa. Fundo la mama yangu lilifumuka kila mara, na kila lilipofumuka, gunia likitua chini nililia upya. Watoto wa jirani walidhani nimechanganyikiwa. Mwisho nikapata: zungusha mara mbili zaidi, acha mkia mrefu wa shubiri mbili, ufunge tena mkia huo juu yake, kisha ushone kwa uzi. Gunia lilining’inia siku tatu mfululizo, kavu na mbichi. Siku ya tatu nikamwita mavyaa aje alione. Alilisukuma kwa mkono wake, likapembea. Aliniandalia chai.

Namshukuru mavyaa, amekaa hapo mbele. Namshukuru yule mkali wa Msambweni, na jirani aliyenichotea maji bila kuniuliza. Shemeji yangu namshukuru kuliko wote, maana alirudi kuniomba nimfungie tena.

Wapotaji wenzangu, usumba wetu bado una kazi yake, msitupe makumbi. Wachimba visima, nunueni nailoni mkitaka, ni kamba nzuri. Lakini msiifunge kwa mkono uliozoea usumba. Ijaribuni kwa mchanga kabla ya kuijaribu kwa baba wa watoto. Na anayejua kosa lake alitaje mapema, kabla mwingine hajasimama ukingoni.

Juzi shemeji ameshuka Diani kwa kamba ile ile. Nilifunga mimi, nikashona mimi. Mkono wangu ukaenda kwenye kopo, wenyewe. Ukafika, ukaligusa, nikaurudisha. Yeye aliniona, akangoja. Hakuuliza lile swali. Mimi ndiye niliyesema, kwa sauti, ili na aliyelala kaburini asikie:

“Hili halinywi. Shuka.”