Jumba la Papa Aliyehama

Kabla hatujafika Chimala, Mrisho, mpishi wa mzungu mmoja wa Iyunga, alikuwa ameshalitangazia basi zima kwamba anakwenda likizo Ufaransa na bwana wake. Mama wa Tukuyu aliyekaa naye, Tusekile, akamuuliza kwa huruma, "Nani amefariki huko?"

"Hakuna aliyefariki, mama. Tunakwenda kutembea tu. Mji unaitwa Avinyoni, wa zamani sana. Kuna jumba alilokuwa anakaa Papa wa Wakatoliki."

"Yumo?"

"Alihama. Karne nyingi zimepita."

Mama akajifunga upya kanga yake. Nikajua anajipanga.

"Wewe Mwislamu, mimi Mmoraviani," akasema. "Papa si wako wala si wangu, na mwenyewe ameshahama. Sasa unavuka bahari kwenda kupiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu?"

"Tunaangalia kuta, mama. Ndio ustaarabu."

"Boma la Iringa nalo lina kuta. Shuka pale uziangalie, urudi kwa mkeo."

Mimi, niliyekaa kiti cha nyuma yao, niligeukia dirishani nisije nikaombwa kuamua.

Basi liliposimama Iringa, ambako bwana wake alikuwa anamngoja, Mrisho alikuwa bado anaeleza ustaarabu. Tusekile akakata chane ya ndizi mbichi kwenye mkungu wake, akampakatisha. "Zitaiva melini. Huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu."

"Mama, si nimekwambia hakuna mtu?"

Lakini alishuka nazo, maana kukataa ni utovu wa adabu, hata kwa mstaarabu. Mama akatoa kichwa dirishani.

"Basi waachie majirani."