Mama Kumi na Moja na Jalada 47093618

Baada ya miaka thelathini na saba katika masjala ya hospitali yetu, Mama Kumi na Moja anastaafu tarehe 31 mwezi huu. Thelathini na saba ni namba tasa, na thelathini na moja vilevile. Ametukumbusha hayo mara nne wiki hii, tusije tukamuaga bila kujua.

Wageni hudhani jina hilo ni idadi ya watoto wake. Watoto anao wawili: namba tasa pekee iliyo shufwa, kama anavyomweleza kila anayewaulizia hali.

Kazi yake ilikuwa kutoa namba za majalada ya wagonjwa, tarakimu nane kila moja. Mtu wa kawaida angefuata mfululizo. Yeye alitoa zile tu zinazogawanyika kwa kumi na moja bila baki, akiruka kumi kwa kila moja aliyoitumia, kana kwamba namba tunaziokota njiani. Kila karatasi iliyofika mezani aliikagua huku midomo ikimcheza: jumlisha tarakimu ya kwanza, toa ya pili, jumlisha ya tatu, hadi mwisho. Jibu lisipokuwa sifuri au kigawe cha kumi na moja, namba imekosewa. Foleni ilisubiri. Mimi, mkuu wake, mwenye akili timamu, nilimwandikia barua tatu za onyo ili aache michezo ya hesabu kazini.

Mwaka juzi majibu ya maabara yalikuja na namba 47096318, bila jina, kama ulivyo utaratibu wetu wa kutunza siri. Jalada hilo halikuwepo. Niliagiza karatasi iwekwe kwenye sanduku la zisizo na mwenyewe, ambalo hufunguliwa mara moja kwa mwezi, nikaenda zangu kunywa chai. Hodari sana mimi.

Yeye aligawanya. Ikabaki tano. Akajaribu kubadilisha nafasi za tarakimu zilizo jirani, jozi zote saba, na moja tu ikakubali: 6 na 3. Akatoa jalada 47093618, akapanda ngazi hadi wodini bila ruhusa yangu, akamwambia daktari, "Mwenye majibu haya ni huyu. Maabara wameandika kwamba dawa anayotumia inamharibu figo, isimamishwe leo."

Mgonjwa alikuwa mama yangu mzazi. Na aliyepindua 6 na 3 ni mimi. Fomu yake ya maabara niliijaza mwenyewe, haraka haraka, ili niwaonyeshe vijana jinsi kazi inavyokwenda bila kupoteza muda.

Niliona aibu, na bado ninayo. Hakunicheka wala hakumwambia mtu. Alisema tu kwamba kosa langu ni la kawaida kabisa, na ndiyo maana alichagua kumi na moja, ambayo hailiachi lipite.

Dada yetu, kuanzia mwezi ujao masjala nzima itatoa namba kwa utaratibu wako. Agizo nimelisaini mimi. Asante kwa yote. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na siku nyingi za raha. Mama anakusalimu, yeye na figo zake zote mbili.