Bibi Mahsoltan wa Kalate Anjir, Aliyehesabiwa Kwingine

Marehemu Bibi Mahsoltan Zanguyi aliishi kijijini Kalate Anjir tangu kuzaliwa hadi kufa, lakini sensa ya mwisho ilimwandika mkazi wa Birjand mjini. Aliyemwandikisha huko ni mwanawe Heshmat, ambaye leo amelibeba jeneza lake. Hilo lisemwe wazi, kisha mama asindikizwe kwa heshima.

Alizaliwa majira ya kuchipua, mwaka 1318 kwa kalenda yetu ya Kiajemi, mtoto wa kwanza wa mfuma taulo. Shule hakuiona. Kipupwe kimoja alifundishwa Kurani na mke wa mullah, na sura alizozihifadhi siku hizo alizisoma hadi uzeeni, huku vidole vikifuma.

Mwaka 1335 aliolewa na Khodadad, mchimba mifereji ya maji ya chini kwa chini. Walijaliwa watoto watatu. Esmat alichukuliwa na surua angali ananyonya. Khodadad alipofariki mwaka 1371, Bibi alishika mwenyewe shamba la zafarani. Msimu wa maua, kila aliyepita njiani aliitwa: "Njoo, kipenzi, niazime vidole viwili!" Hakuna aliyeondoka bila chai, wala bila kutaniwa. Binti yake Kokab aliporudishwa na mume kwa kukosa mtoto, majirani walichungulia milangoni. Bibi alimpa kikapu tu. "Umekuja siku nzuri," akasema, "maua yamefunguka."

Wakaishi pamoja wawili hao. Msimu wa zafarani wa mwaka 1395 alikuja kijana wa sensa na kompyuta yake ya mkononi. Akanywa chai, akabonyeza, akakuna kichwa.

"Bibi, wewe na binti yako mko Birjand. Mmeshaandikishwa kwa mtandao, nyumbani kwa Heshmat. Hapa panasoma nyumba tupu."

"Na hiyo chai umemiminiwa na nani?" Kokab akauliza. "Na jini?"

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. "Kama niko Birjand, mwanangu, mwambie mke wa Heshmat asinitilie chumvi nyingi."

Heshmat alipoulizwa na Kokab alisema kweli. Msimamizi wa jengo lao alikuwa akiwaandikisha wapangaji wote uani, kwa simu yake. "Dada, watu walikuwa wamejaa. Ningesema mama yangu anaishi peke yake kijijini? Uso ningeuficha wapi?"

"Peke yake? Na mimi ni paka?"

Hakuwa peke yake Heshmat. Wana wa kijiji kizima, kila mmoja kwa heshima ya jina lake, walisema mama yuko kwao, amewekwa kichwani kama taji. Kaya zetu zilikuwa ishirini na mbili. Kwenye hesabu zikabaki tisa, na sheria inataka ishirini ili kijiji kiwe na baraza. Baraza la kijiji likavunjwa. Mtendaji akaondolewa. Mhudumu wa zahanati, aliyekuwa akimpima Bibi presha kila wiki, akahamishiwa kijiji kingine. Hata tingatinga la kusukuma theluji halikuja tena.

Presha ilimpanda tarehe 9 Dey, mwezi wa kwanza wa baridi, mwaka 1402, asubuhi, theluji ikiwa imefika magotini. Gari la wagonjwa lilikwama mbali, kwenye lami. Jirani Yavar alimpakia kwenye trekta, akiwa amefunikwa blanketi, kichwa kikiwa mapajani kwa Kokab. Pale kwenye kona ya mlozi alifungua macho, akasema, "Mwambieni Heshmat asikimbize gari kwenye barafu." Hakusema tena.

Ameacha mwana mmoja, Heshmat, na mkewe Fakhri, binti mmoja, Kokab, wajukuu wanne, na majirani ambao bado wanawasha moto kila asubuhi katika nyumba zilizoandikwa tupu. Mungu amlaze pema Bibi Mahsoltan, hapa hapa kwao.

Deni limebaki kwa Heshmat, na kwa wana wote waliosimama kaburini hapa. Sensa nyingine itakuja. Siku hiyo Heshmat atasimama uani, watu wakiwa wamejaa vile vile, aseme kwa sauti kwamba dada yake Kokab anaishi Kalate Anjir, katika nyumba ya mama yao, na mlango u wazi. Mama alishamsamehe. Kokab bado, mpaka asikie limesemwa.