Mama Kufuli wa Masjala ya Vijana

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi mliofanya kazi naye, poleni sana, mimi ni mke wa mwanawe wa mwisho, na nimesimama hapa kwa niaba ya familia kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza akiwa kitandani kwamba historia yake niisome mimi, akasema huyu ana sauti ya shule, wifi yangu akasema Mama, huyu atatetemeka, na Mama akajibu basi atetemeke huku anasoma. Kwa hiyo mkiona karatasi inacheza mkononi mwangu mnivumilie, nikiogopa husoma mbiombio, na yako mambo humu ambayo nikiyapitia taratibu sitafika mwisho.

Mama yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1964, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha nguo, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa baba mpiga chapa na mama mshonaji, na katika vyumba hivyo viwili, kama anavyosimulia kaka yake mkubwa aliyeketi pale mbele, hapakuwa na kitu cha mtu mmoja, si shuka, si kitana, si siri. Dada zake wakubwa walipoanza kuandikiwa barua na wachumba walimpa yeye azifiche, akiwa na miaka tisa, akazishonea ndani ya mto wake na kuzilalia miaka miwili, na kaka mtu alipomuuliza kama hajawahi kuchungulia hata moja alimjibu kwa swali, kwani zimeandikwa jina langu?

Alisoma shule ya msingi iliyo kando ya mnara wa maji kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, akaendelea na sekondari ya wasichana mwaka 1978 hadi 1981, kisha chuo cha uhazili mwaka 1982 na 1983, alikojifunza kupiga chapa kwa vidole vyote kumi bila kutazama, na kupanga mafaili kwa namna ambayo mtu akizimiwa taa bado ataliona lake.

Tarehe 1 Februari 1985 aliajiriwa na halmashauri kama karani wa idara ya maji, na tarehe 4 Mei 1998 akahamishiwa Kitengo cha Huduma za Vijana, katika masjala, yaani chumba kinachotunza mafaili, kile cha mwisho kabisa kwenye ujia wa chini, chenye dirisha la nondo, makabati saba ya chuma, meza moja na kiti kimoja tu, kwa kuwa kiti cha pili alikitoa nje mwenyewe akisema humu hakuna maongezi. Ndani ya makabati hayo mlikuwa na mafaili ya vijana waliokuja kutafuta kazi, na ya waliokuja kutafuta pa kulala, na ya mabinti na wavulana waliomweleza mshauri mambo ambayo hawakuwa wamemweleza mtu mwingine yeyote duniani, na sasa nikifikiria kwamba yote hayo, maisha ya watu zaidi ya elfu nne, yalikaa miaka ishirini na mitano nyuma ya mwanamke mmoja mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mwili unanisisimka.

Lipo jambo aliloagiza lisiachwe, nami nalisoma kama alivyoliandikisha. Tarehe 11 Februari 2003 alituma barua za kuwakumbusha vijana siku zao za kuonana na mshauri, barua arobaini, na kwa mazoea ya mkono akazigonga bahasha zote muhuri wa kitengo, na moja ya bahasha hizo ilikwenda kwa binti aliyekuwa ameomba nyumbani kwao wasijue kwamba anakuja, baba yake akauona muhuri, akaifungua, akaisoma, na binti akatolewa nje na begi lake, akapoteza mwaka mzima wa shule. Hakuna mtu ofisini aliyekuwa amejua bahasha ile ilitoka mkononi mwa nani, na mwenzake mmoja alimwambia wee mama, kaa kimya, upepo utapita, lakini yeye aliketi siku ileile aliyopata habari akaandika taarifa ya kujishtaki mwenyewe kurasa mbili, akaipeleka kwa mkuu wa kitengo, kisha akaenda kwa shangazi wa yule binti alikokuwa amehifadhiwa, akasimama mbele ya mtoto wa miaka kumi na tano, akasema kosa ni langu na si lako. Kabla ya kuniruhusu nilisome hili alimtuma mwenzake amtafute binti huyo, ambaye leo ni mwalimu, amuulize kwanza kama anakubali lisemwe, naye alikubali, akaongeza kwamba shule alimaliza.

Baada ya hapo ndipo kazi yake ilipokuwa ile mnayoijua. Bahasha zikawa nyeupe tupu, anwani kwa mkono, kama barua ya rafiki. Simu zikaanza na swali moja kabla ya salamu, uko peke yako, unaweza kuongea? Mbele ya kila faili akabandika karatasi yenye mistari, na yeyote anayelifungua, awe mshauri, awe mkuu, awe yeye, aandike tarehe, saa, jina na sababu, na sababu isiwe neno kazi, kwa kuwa alisema kazi si sababu, kazi ni mshahara. Diwani mmoja alipokuja kutaka orodha ya namba za simu za vijana ili awaalike kwenye mashindano ya mpira, Mama alimwambia mheshimiwa, hawa walitupa namba zao kwa ajili ya ushauri, hawakutupa kwa ajili ya mpira, na diwani akauliza unajua unaongea na nani, akajibiwa najua sana, mheshimiwa, ndiyo maana nimesimama. Ukimuuliza saa, wenzake walisema, atakuuliza kwanza unaitakia nini, na hapo ndipo walipomwita Kufuli, naye akaitika.

Alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1990 na baba mkwe wangu, fundi saa, aliyekuwa akiwaambia wateja kwamba kazi yake ni kufungua vitu vidogo vilivyofungwa na mkewe ndiye kitu pekee kilichomshinda, wakaishi kwa masikilizano hadi alipofariki baba tarehe 2 Novemba 2012. Walijaliwa watoto wawili, wifi yangu aliyezaliwa mwaka 1991, ambaye ni nesi, na mume wangu aliyezaliwa mwaka 1994, fundi umeme, na marehemu ameacha wajukuu watatu, wa mwisho ni huyu binti yangu aliyelala begani kwa baba yake, aliyezaliwa tarehe 22 Mei 2021.

Hapa nawaomba mnivumilie zaidi. Mimi nililelewa mtaa mwingine, na nilipokuwa na miaka kumi na sita, mwaka 2014, nilikwenda mwenyewe kwa miguu hadi Kitengo cha Huduma za Vijana, nikaketi mbele ya mshauri, nikasema yote, naye akaandika, na yaliyoandikwa ni yangu, leo siyasemi hapa, itoshe kwamba kwa miaka mingi niliamini kwamba mwanamume yeyote akiyajua ataniacha, na mama yake akiyajua atamsaidia kuniacha. Basi Jumapili ya tarehe 17 Machi 2019 mume wangu, tukiwa bado wachumba, alinileta nyumbani kwa mara ya kwanza, na kwenye msumari kando ya friji nikaona kitambulisho cha halmashauri kimening'inia kwa utepe wa kijani, utepe uleule waliovaa wafanyakazi wa kitengo, na Mama akaniuliza unaitwa nani, mwanangu, nikataja majina yangu yote matatu kama mtu aliye mbele ya polisi. Alikuwa anamimina chai. Mkono ulisimama kidogo, kama mtu aliyekumbuka kitu, kisha ukaendelea, akaniuliza sukari vijiko vingapi.

Nikajua anajua. Tulifunga ndoa tarehe 7 Desemba 2019, nikahamia nyumbani kwake, na kwa karibu miaka minne niliishi na mtu niliyeamini amenisoma ukurasa hadi ukurasa, kila alipoanza sentensi kwa sikiliza mwanangu nilidhani siku yangu imefika, na alikuwa anataka tu nishike ncha ya pili ya shuka tukunje. Nilipojifungua nilizidi kuogopa, kwa kuwa sasa kulikuwa na mtoto wa kupoteza. Siku moja nilijikaza, tunakunja nguo, nikamuuliza Mama, kwani huko kazini mafaili ya watu mnayasoma, akasema tunayafuta vumbi, akaendelea kukunja.

Mwezi Agosti 2023 Mama alianza kusumbuliwa na maumivu ya tumbo na mgongo, akapungua mwili, na tarehe 14 Septemba 2023 madaktari walithibitisha kwamba ni saratani ya kongosho, akaanza matibabu, akawa anaingia na kutoka hospitali. Nami tarehe 3 Oktoba mwaka huohuo nilitimiza miaka ishirini na mitano, na tarehe 9 simu yangu ikaita, namba ileile niliyoitumia tangu shule, sauti ya mwanamke ikaniuliza uko peke yako, unaweza kuongea? Alikuwa karani mwenzake na Mama, akaniambia kwamba kwa utaratibu wao, kijana akifika umri huo ana siku tisini za kuja kulisoma faili lake, kulisahihisha, au kuomba liteketezwe, na kama hana la kufanya litakwenda kwenye kumbukumbu za halmashauri. Siku tisini hizo nilizila karibu zote kwa woga, ya themanini na saba, Alhamisi ya tarehe 4 Januari 2024, nikambeba mtoto mgongoni nikaenda.

Karani akaleta faili, akatoka, akafunga mlango. Sikuanza na ya ndani, nilianza na karatasi ya mistari, nikitafuta jina la mama mkwe wangu, nione ni mara ngapi. Mistari ilikuwa mitatu tu. Miwili ya mwaka 2014, ya mshauri. Wa tatu ulikuwa mwandiko wa Mama, ule uliolala kulia, tarehe 18 Machi 2019, saa mbili na dakika kumi asubuhi, yaani Jumatatu, kesho yake baada ya ile chai, na unasema, faili hili sijalifungua, ufunguo wa kabati lake nimemkabidhi mwenzangu kuanzia leo, nisipewe tena. Kisha nafasi ya sababu, ambayo nitaisoma mwishoni, nikiisoma sasa sitaweza kuendelea. Kumbe siku ile aliikumbuka lebo ya faili yenye jina langu tu. Miaka minne ufunguo ulikuwa kwenye droo ya mwenzake wa ofisi ya jirani, hatua chache, na aliyelala chumba cha pili alikuwa ameolewa na mwanawe wa pekee wa kiume, na hakuuomba.

Nilitoka pale moja kwa moja hadi wodini, nikamwambia Mama, nimeiona saini yako, na mgonjwa yule, amebaki mifupa na macho, akaniuliza saini gani, mimi kazini natia saini nyingi. Nikacheka huku nalia. Akasema ukitaka kuniambia kitu niambie wewe, nikisikia kwako ndipo nitakuwa nimesikia. Nikamwambia yote, kuanzia mwanzo, mtoto akichezea kamba ya pazia, na nilipomaliza akaomba maji, akanywa, akasema haya, sasa ninalo kwa sababu umenipa, na mume wako usimpe kwa kuniogopa mimi, mpe siku unayotaka, au usimpe. Nilitaka siku ileile. Alikuja jioni kumwona mama yake, nikamketisha kwenye benchi la nje ya wodi nikamwambia, naye akauliza, na Mama alikuwa hajui? Nikamwambia mpaka leo mchana hakuwa anajua. Akatikisa kichwa, akasema mimi nimezaliwa na mtu huyu na sikumjua, akamchukua mtoto, akanishika mkono, tukaingia ndani.

Tarehe 18 Januari karatasi za ndani ya faili langu zilipitishwa kwenye mashine ya kuchana mbele ya macho yangu, kwa ombi langu, ila karatasi ya mbele nikaomba ibaki, na karani akanitolea nakala. Mama alifariki Jumamosi ya tarehe 20 Januari 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka hamsini na tisa, wifi yangu na mimi tukiwa pembeni yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake waliomtunza bila kuchoka, na waliogonga mlango kabla ya kuingia, kwa kuwa alilipenda hilo. Inawashukuru majirani mliokaa na mtoto wangu, mliobeba viti hivi mnavyokalia, na inawashukuru wafanyakazi wenzake, hasa mwenzake aliyeupokea ufunguo akautunza kama alivyoupokea. Na kama yuko mtu hapa ambaye maisha yake yaliwahi kukaa katika chumba kile, asiogope, asijitaje, nimejitaja mimi kwa hiari yangu na inatosha.

Nakala ninayo hapa, nimeikunja mara nne. Nafasi ya sababu, siku moja tu baada ya kuniona, ameandika maneno matatu: ni mtoto wangu.

Pumzika kwa amani, Mama, mlango tumeufunga taratibu.